Kutunga imani yangu kutoka dini mbalimbali: nini kinakaa pamoja, nini kinagongana?

mtafutaji_ngambo

Asalaam alaykum waungwana, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima zote.

Nimezaliwa Muislamu wa madhehebu ya Shafii, naishi Unguja mjini. Nasoma dini nyengine kwa nia njema, na sasa nataka kujiwekea utaratibu wangu wa kiroho badala ya kuokota huku na huku. Ninavyovitaka ni zikri kama ya tarika ya Kadiria, kukaa kimya na kufuata pumzi kama Wabudha, ile hesabu ya nafsi ya jioni ya Wakatoliki wa Kijesuiti, saumu ya Ekadashi ya Wahindu, na msimamo wa Wajaini, watu wa dini ya kale ya India, wa kutodhuru kiumbe.

Nauliza hivi. Kipi kati ya hivyo kinakaa na chenzake na kipi kinagongana? Nianze vipi nisije nikaacha njiani? Na kwa hapa kwetu Zanzibar, mtu wa imani ya namna hii anasimama wapi kwenye ndoa, mirathi na mazishi? Mabishano ya nani wa peponi nayaomba yakae kando.

ukutani

Waalaykum salaam. Kabla hujachagua lolote, tenga mambo mawili ambayo watu huyavuruga: dai na zoezi. Dai ni neno juu ya ukweli. Mungu ni mmoja hana mshirika, Yesu alisulubiwa akafufuka, mtu akifa hurudi katika mwili mwengine: hayo ni madai. Zoezi ni jambo linalofanywa na mwili, ulimi au akili: kufunga, kuhesabu pumzi, kutaja jina, kuandika makosa ya siku. Mazoezi huazimika. Madai mengi yanafutana, na hapo ndipo imani za kuchanganya zinapovunjikia.

Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inakanusha kwamba Isa aliuawa au alisulubiwa. Paulo, barua ya kwanza kwa Wakorintho mlango wa 15, anasema Kristo kama hakufufuka basi imani ya Wakristo ni bure. Huwezi kuyabeba yote mawili kwa kusema kila mtu ana lake; yule mwenye dai mwenyewe hatokukubalia. Na usidhani mgongano uko baina ya Waislamu na Wakristo tu. Wahindu wengi wanasema iko atma, nafsi ya kudumu inayohama mwili hadi mwili. Budha alifundisha kwamba nafsi ya kudumu haipo. Kwa hiyo anayesema "naamini kuzaliwa upya" bado hajasema kitu mpaka aeleze anachukua la nani.

Chukua daftari. Kila unachoazima kipe ukurasa wake na mistari minne: kimetoka kwa nani, kimeshikamana na dai gani, wenyewe wanakifanya kwa lengo gani, wewe utakifanya kwa lengo gani. Mstari wa pili ukipingana na unachokiamini, au wa tatu na wa nne ikiwa haionani kabisa, kitu hicho kiweke kando kwanza.

Nikupe mfano kwa vitu vyako mwenyewe. Ekadashi ni siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wa Kihindu, na imefungamana na ibada ya Vishnu. Wenyewe huacha nafaka na kunde: wali, mkate, chapati, maharage, choroko. Wengi huruhusu matunda, maziwa, viazi na vyakula vya muhogo. Sasa tazama Wajaini. Dai lao ni kwamba kila chenye uhai kina jiva, yaani nafsi, na kwamba karma ni kama vumbi laini linaloganda kwenye nafsi kila unapodhuru. Ndiyo maana Mjaini mshika dini hali viazi, vitunguu maji, vitunguu saumu wala karoti: kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyomo ardhini. Kwa hiyo kiazi ambacho Mhindu anafutari nacho siku ya Ekadashi, Mjaini hakigusi. Vitu viwili katika orodha yako vimeshagombana kwenye sahani kabla hujafika kwenye itikadi.

Ufumbuzi ni kuchagua kiwango na kukiandika. "Sitodhuru kiumbe bila ya haja" ni kiwango. "Nafuata ahimsa", yaani kutodhuru, peke yake si kiwango, ni jina.

Historia nayo inasaidia. Mfalme Akbar wa India mwaka 1582 alianzisha njia yake ya kuunganisha dini, Din-i Ilahi. Walioingia walikuwa wachache wa ikulu, na alipokufa mwaka 1605 haikuendelea. Karibu na wakati huo huo, mwaka 1604, Guru Arjan wa Masingasinga alikusanya kitabu chao akatia ndani mashairi ya Sheikh Farid, Muislamu wa kisufi, na ya Kabir. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo. Masingasinga walikuwa na dai moja la mzizi, Mungu mmoja, na wakakipima kila walichokiazima kwa hilo; tena walikuwa na jamaa wanaokula pamoja langar, jiko lao la wote. Njia ya Akbar ilining'inia kwa mtu mmoja. Na wewe tafuta kwanza dai lako la mzizi ni lipi, liwe moja.

bi_mkoani

Mwanangu, mimi nitakujibu hilo la kuanza vipi, maana naona kaka ukutani ameshamaliza mengi ya itikadi.

Usianze na vitano. Anza na kimoja, ukae nacho siku 40, ndiyo utie cha pili. Wanaoacha njiani mara nyingi walianza na vyote wiki moja, na kila kimoja kikadai saa yake. Ukijumlisha unakuta saa mbili kwa siku, na mtu ana kazi na watoto.

Pumzi: baada ya sala ya alfajiri, kabla hujashika simu. Kaa juu ya mkeka au kiti, mgongo wima bila kuegemea. Usiiongoze pumzi, iache ijiendee. Hesabu kila inapotoka, moja mpaka kumi, kisha rudi moja. Ukipotea, na utapotea, anza tena moja bila kujilaumu. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Dakika 10 kwa wiki mbili za mwanzo, kisha 15, kisha 20. Ukisinzia fungua macho nusu utazame sakafuni. Ukiumwa na kichwa au kifua kikibana, ujue unaivuta pumzi kwa nguvu.

Zikri inataka tahadhari kubwa zaidi. Ile ya kimya, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34, inakufikisha 100 na haichukui dakika tano. Hiyo kila Muislamu anayo. Ile ya Kadiria ya kusimama safu na kutoa pumzi kutoka kifuani ni jambo jengine. Njia hiyo ilienea kwetu na mwambao wote kwa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na inakwenda kwa ijaza: sheikh kamruhusu khalifa, khalifa kamruhusu murid. Ijaza ina faida yake kimwili pia. Ukivuta na kutoa pumzi haraka haraka, hewa ya kaboni kwenye damu inashuka, midomo na ncha za vidole vinaingia ganzi, kichwa kinazunguka. Kwenye halaka yupo anayeongoza, anajua lini apandishe na lini ateremshe. Peke yako chumbani unaweza kuanguka, au ukaidhania ganzi hiyo kuwa ni karama. Ikikutokea, acha, kaa chini, vuta pumzi polepole kwa pua mpaka itulie. Ukitaka zikri hiyo nenda kwa wenyewe, usijifundishe kwa video.

Hesabu ya jioni: Ignatius wa Loyola, aliyekufa mwaka 1556, aliipanga hatua tano. Shukuru kwa mema ya siku, omba nuru ya kujiona ulivyo, ipitie siku saa kwa saa, kwanza fikra, kisha maneno, kisha matendo, omba msamaha, kusudia kurekebisha kesho. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Shukrani imetangulia kwa sababu maalumu: ukianza na makosa, zoezi linageuka kujipiga mijeledi, na baada ya mwezi mtu anaogopa kukaa. Yeye mwenyewe ana zoezi jengine dogo ambalo naliona zuri mno. Chagua kosa moja tu, tuseme hasira. Chora mistari miwili kwa kila siku ya wiki, wa juu wa mchana na wa chini wa usiku. Kila ukikosa tia nukta. Mwisho wa siku linganisha mstari na mstari, kesho yake siku na siku, na wiki ikisha wiki na wiki. Nukta zinakwambia ukweli ambao kumbukumbu haikwambii.

Shanga nazo, chukua aina moja. Tasbihi ina 33 au 99, rozari ya Kikatoliki ina 59, mala ya Kihindu na ya Kibudha ina 108 na moja ya kichwa ambayo haivukwi. Ukiwa nazo zote tatu, akili inakwenda kwenye kuhesabu badala ya kwenye unachokitaja.

ustadh_wete

Namshukuru Bi Mkoani kwa adabu ya maneno yake. Nami nitazungumza kwa upande wa fiqhi na itikadi, kwa sababu muulizaji amesema ni Mshafii na sioni alipoandika kuwa ametoka.

Ndugu yangu, kwanza fungua kabati lako kabla hujabisha hodi kwa jirani. Hesabu ya nafsi unayoitafuta kwa Wajesuiti imo kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kiasi cha miaka 400 kabla ya Ignatius. Yeye ameipanga daraja sita. Musharata: asubuhi unapeana sharti na nafsi yako. Muraqaba: unaichunga mchana. Muhasaba: usiku unaihesabu kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake. Muaqaba: unaitia adabu ikikosa. Mujahada: unaibebesha ibada ya ziada. Muataba: unaikaripia. Ya Kijesuiti inaanzia jioni kwenye kukumbuka. Ya Ghazali inaanzia asubuhi kwenye mkataba. Mimi naona ya pili ina nguvu zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kuhesabiwa kwa sharti ambalo hakulitia.

Sasa mipaka. Kukaa kimya na kuangalia pumzi, bila kuitakidi kitu na bila kutaja jina la anayeabudiwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, asili yake ni mubaha, yaani inaruhusiwa, kama zoezi lolote la mwili. Mantra yenye jina la mungu wa Kihindu, kusujudia sanamu, kupokea komunyo: hizo ni ibada za wenyewe, na ukizifanya umetoka kwenye kuazima. Hata mapadri hawampi komunyo asiyebatizwa, maana kwao ni kutangaza umoja wa imani. Kwa hiyo heshima kwao nayo inakutaka usiiguse. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inasema mwenye kujifananisha na watu basi ni katika wao, na wanavyuoni wanaipeleka kwenye yale yaliyo alama ya dini ya watu hao.

Kutokula nyama: mtu anaweza kuacha nyama maisha yake yote na asipate dhambi, kwa sharti asiiharamishe. Sura ya 5 aya ya 87 inakataza kuharamisha vizuri alivyovihalalisha Mwenyezi Mungu. Udhia wa Idi Kubwa katika madhehebu yetu ni sunna iliyokokotezwa, si wajibu. Sema "siili", usiseme "haifai kuliwa". Tofauti hiyo ndogo ya maneno ni kubwa kwa itikadi.

Saumu: niya ndiyo saumu. Ukifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, siku ikaangukiana na ya Wahindu, hapana tabu. Ukiikusudia Ekadashi kwa jina lake kama ibada, hapo ndipo penye tatizo.

Na jambo moja linaloniuma, nalisema waziwazi. Mchanganyiko si mgeni kwenye visiwa hivi. Wako wanaopeleka ubani na chakula kwenye pango la mzimu siku ya Alkhamisi, na siku ya Ijumaa wako safu ya kwanza msikitini. Wako wanaochezewa kibuki, ngoma ya pepo, kwa brandi na ndiyo hao hao wanaoandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikakoshwa kwa mawaridi, ikanywewa. Hawa hawajawahi kuulizana wanabeba dai gani. Wewe umeuliza, na kwa hilo nakuombea kheri ingawa sikubaliani na njia yako. Kabla hujaamua, keti na mwanachuoni mmoja unayemuamini, umpe hilo daftari alisome.

wakili_vuga

Nitajibu la tatu, na naomba ulisome taratibu.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 19, inalinda uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Kubadilisha imani si kosa la jinai. Kukashifu dini ya wengine ni kosa. Imani yako ya moyoni na chumbani haihitaji kibali cha mtu. Ukianza kukusanya watu kwa jina na uongozi, hapo unaingia kwenye usajili wa jumuiya.

Tatizo halimo kwenye uhuru, limo kwenye hadhi yako binafsi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara, haitumiki huku. Kwetu ndoa, talaka, malezi, wasia na mirathi ya Waislamu vinakwenda Mahakama ya Kadhi. Kadhi akishafika kwenye suala "huyu ni Muislamu au si Muislamu?" hakuna jawabu la katikati.

Ndoa: katika fiqhi ya Shafii, mmoja wa wanandoa akitoka katika Uislamu baada ya kuingiliana, ndoa husimama ikisubiri eda. Akirudi kabla eda haijesha, inaendelea. Asiporudi, imevunjika tangu siku aliyotoka. Ikiwa bado hawajaingiliana inavunjika pale pale. Mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiyekuwa Muislamu, kwa hiyo mwanamme mwenye mchanganyiko ajue kuwa walii wa binti ana haki ya kumuuliza imani yake kabla ya kutoa idhini. Mjibu kweli. Ndoa iliyofungwa kwa kuficha huleta kesi baadaye, na anayeumia ni mwanamke na watoto.

Mirathi: Muislamu harithi asiyekuwa Muislamu, wala kinyume chake, hadithi yake imo kwa Bukhari na Muslim. Hapa ndipo watu wanaposhikana mashati. Ndugu anayetaka fungu kubwa anaweza kuleta mahakamani ulichokiandika mitandaoni kama ushahidi kuwa ulishatoka. Njia zilizo wazi ni mbili. Hiba: mzazi anakupa mali akiwa hai na mzima, nawe unaipokea na kuishika kwa mkono. Hati ikiandikwa lakini nyumba ikabaki mikononi mwake, hiba ina kasoro. Ya pili ni wasia: asiyerithi anaweza kuusiwa mpaka thuluthi moja ya kinachobaki baada ya gharama za maziko na madeni. Ikizidi thuluthi, warithi lazima waridhie. Wasia uandikwe, ushuhudiwe na watu wawili waadilifu, na nakala iwe kwa mtu asiyefaidika nao. Mirathi ya Waislamu kwa utawala husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nenda ukaulize huko mapema, usisubiri msiba.

Mazishi: kwetu maiti haikai. Akifa asubuhi huenda akazikwa alasiri, na wanaoamua ni jamaa waliopo. Ukitaka kukoshwa, kukafiniwa kwa nguo tatu, kusaliwa takbira nne na kuzikwa Kiislamu, liandike hilo pamoja na shahada yako. Ukitaka vyengine, liandike pia na uwaambie jamaa kwa mdomo, maana karatasi iliyofungiwa kabatini haitosomwa kabla ya jeneza kutoka. Kusema "watajua wenyewe" ni kuwaachia watoto wako ugomvi kaburini.

mtafutaji_ngambo

Nimeshukuru sana nyote. Ustadh, nimekuelewa, na daftari nitalileta kwa mwanachuoni kama ulivyosema. Dai langu la mzizi ni tauhidi, hilo sina shaka nalo, na nimeona Ekadashi kwa jina lake siiwezi. Ila bado napenda kufunga kwa kufuata mwezi angani badala ya siku za wiki. Bi Mkoani, siku hizi zinapangikaje?

bi_mkoani

Zinapangika vizuri mwanangu, lakini jihadhari na hesabu. Wahindu huanza kuhesabu tangu mwezi unapoandamana na jua, kabla haujaonekana. Sisi tunaanza unapoonekana kwa macho, kawaida siku moja au mbili nyuma yao. Kwa hiyo siku yao ya 11 kwetu huangukia mwezi 9 au 10, yaani tarehe 9 au 10 ya mwezi wa Kiislamu, na ile ya nusu ya giza huangukia mwezi 24 au 25. Mbalamwezi kamili, ambayo Wabudha wengi huifanya siku ya uposatha, siku yao ya ibada, huangukia kwetu mwezi 13 au 14.

Na tayari unazo Siku Nyeupe: mwezi 13, 14 na 15, sunna isiyo na mgogoro. Umepata kufuata mwezi, na umepata siku tatu mfululizo ambazo mwili unazizoea kwa urahisi kuliko siku moja moja iliyotawanyika. Kama ulipenda lile la kuacha nafaka, litumie kwenye futari: muhogo wa nazi, ndizi, papai na maziwa. Hilo ni chakula tu, halina itikadi ndani yake.

Mwezi mmoja utakukwaza, nao ni Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija. Tarehe 10 ni Idi, na 11, 12 na 13 ni siku za tashriki: haifai kufunga zote nne. Kwa hiyo mwezi huo Siku Nyeupe ya kwanza huna. Funga 14 na 15, na ukitaka kutimiza tatu ongeza 16. Tarehe 9, siku ya Arafa, usiiache ikupite.